Mgeni Rasmi Asiyetaka Kuamka

"Kitovu hakipakwi kitu," alisema muuguzi wa wodi ya wazazi. "Si mafuta, si majivu, si dawa ya meno, si mate ya bibi. Kinapakwa nini?"

"Hakuna!" wakaitikia kina mama, kila mmoja kitandani kwake.

"Hakuna kabisa, au kuna vitu vya kibali maalumu?"

Wodi nzima ikageuka. Aliyeuliza alikuwa mwanamume pekee mle ndani, kakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda cha mkewe, na sare yake ya ulinzi, na buti zake, na kofia magotini. Mapajani alikuwa na daftari. Alikuwa mlinzi wa ghala la vigae mwaka wa kumi na moja sasa, na ingawa jeshini hajawahi kukanyaga hata siku moja, mtaani kwao kila mtu alimwita Afande, akaitika.

"Baba, hakuna kibali," alisema muuguzi. "Hata akija mkuu wa hospitali."

"Nimeandika. Kifungu cha tano." Akaandika.

Mkewe, fundi cherehani, alifunika uso kwa ncha ya khanga. Usiku mbili hajalala. Kitanda walilazwa wawili, yeye na mwenzake mmoja mwenye magoti makali, na vichanga viwili vikipokezana zamu ya kulia. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu wake: atoke pale, asirudi.

Na kurudi kulikuwa kunanukia. Mtoto wao, msichana, alizaliwa Jumapili na kilo mbili na gramu mia nne. Muuguzi alikwishawasemesha wao peke yao: "Kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Lakini huyu ni mdogo. Akishuka chini ya mbili na mia mbili, namrudisha wodini, na wewe mama unarudi naye. Tumeelewana?" Afande aliiandika namba hiyo na kuipigia mistari miwili.

Basi vifungu vikaendelea. Maziwa ya mama peke yake miezi sita, maji hapana. Kunawa mikono. Wageni wachache, mwenye kikohozi au mafua akae mbali. Asibusiwe. Alale chali. Afunikwe kichwa. Dalili za hatari ni hizi na hizi. Afande anaandika, ulimi nje kidogo kama mtoto wa darasa la pili. Ghafla kalamu ikasimama. Mlangoni alimwona mlinzi wa wodi anapitisha wanawake watatu na kapu bila kuandika jina la mtu. Hata kichwa hakuinua. Alikuwa anakula karanga.

Afande alijaribu kuvumilia. Kweli alijaribu. "Samahani, nesi, dakika moja tu," akasema, akatoka.

Hiyo dakika moja ilikuwa robo saa. Alimfundisha mwenzake kazi: wapi kitabu cha wageni kinakaa, mkono wa kalamu uwe upi, mtu anatazamwa usoni kwanza au kapu kwanza. Mwenzake akamsikiliza, akamkaribisha karanga.

Na katika robo saa hiyo muuguzi alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba kichanga mdogo hulala kupita kiasi, asingojewe aamke mwenyewe: kila saa tatu zisipite, mchana na usiku, aamshwe anyonye, hata kama amelala kama gogo. La pili, kwamba Alhamisi mhudumu wa hospitali atapita majumbani na mzani. "Mmeelewa?"

"Ndiyooo!" wakaitikia wodi nzima. Hata fundi cherehani aliitikia, macho wazi, amelala fofofo, kwa mazoea ya shule ya msingi.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili katika uwanja wa wapangaji sita, na kabla ya jua la Jumanne kushuka uwanja mzima ulijua kuna meza mlangoni kwa Afande. Juu ya meza: ndoo yenye bomba, sabuni, na daftari jipya lililopigwa mistari kwa rula. Namba, jina, uhusiano na mtoto, hali ya afya, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi.

Wa kwanza alikuwa Msusi, jirani wa ukuta mmoja, ambaye saluni yake ilikuwa kibarazani kwake na redio yake ilikuwa mdomoni mwake.

"Jina?" aliuliza Afande.

"Afande, tumegawana ukuta miaka minne. Nakusikia hata ukipiga mswaki."

"Jina."

"Andika Malkia."

"Uhusiano na mtoto?"

"Shangazi."

"Wewe si dada yangu."

"Basi andika jirani aliyemsuka mama yake mpaka akaenda kujifungua kapendeza kama bibi harusi. Ikikosa nafasi, geuza ukurasa."

"Hali ya afya?"

"Nzuri kabisa, ila mume ndiye sina."

Afande akaandika, Nzuri. Msusi alipochungulia akaona neno hilo limesimama peke yake kwenye kisanduku chake, alicheka mpaka akapaliwa.

"Umekohoa," alisema Afande, kalamu hewani.

"Nimecheka!"

"Kikohozi kimesikika. Utakaa nje siku mbili, tukuangalie."

"Shemeji, wewe una akili kweli?"

"Unatakiwa kusaini hapa."

Msusi hakusaini. Alirudi barazani kwake akamsimulia mteja, mteja akamsimulia muuza genge, na mpaka kesho yake asubuhi watu walikuwa wanakuja si kumwona mtoto bali kuliona daftari. Ndio hao waliombatiza mtoto jina la Mgeni Rasmi, kwa sababu ya ulinzi aliowekewa. Na Mgeni Rasmi mwenyewe alikuwa analala. Analala saa nne, saa tano, bila kusema lolote. Afande alijigamba mezani: "Hajui kulia huyu. Ni nidhamu. Nyumba ikiwa na utaratibu, mtoto anatulia." Na aliyecheka karibu na mlango alinyamazishwa kwa kidole.

*

Jumatano alikuja mama mkwe.

Alikuwa muuza vyombo vya plastiki sokoni, mwanamke wa sauti, aliyezoea kumwita mteja akiwa upande wa pili wa barabara. Aliingia uwanjani na mkoba mkubwa wa ngozi kwapani, akitoa salamu kulia na kushoto.

"Hodi wenyewe!"

Afande alisimama wima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hongera sana. Haya, mjukuu wangu yuko wapi?" Akapiga hatua. Afande akapiga hatua vilevile, ya kuziba mlango, macho chini.

"Mama, kwa heshima zote, naomba unawe mikono."

"Nimenawa nyumbani."

"Njiani umeshika vyuma, mama. Milango. Watu."

Alinawa. Kiganja, mgongo wa kiganja, kati ya vidole, kucha, mkwewe akimsomea. Akajifuta, akapiga hatua tena.

"Na mkoba, mama."

Upande wa pili wa ukuta kitana cha Msusi kilisimama kichwani mwa mtu.

"Mkoba una nini?" aliuliza mama mkwe taratibu.

"Hilo ndilo swali, mama."

Hakuthubutu kuufungua yeye. Alisimama ameshika daftari kifuani, jasho likimshuka kwenye mashavu, na mama mkwe, huku anamtazama machoni, akafungua zipu na kutoa kimoja kimoja juu ya meza kama anapanga bidhaa: khanga mbili, chupa ya kunyonyeshea, kopo la poda, kichupa cha mafuta ya kitovu. Khanga zikaruhusiwa. Vingine vikaandikiwa hati: *Vitu vitatu, vitarejeshwa kwa mwenye mali siku ya kuondoka.* Mama mkwe aliishika ile karatasi mbali na macho, akaisoma yote, akaikunja na kuiweka kifuani.

"Nimezaa saba," alisema. "Wote nimewapaka mafuta haya. Na wote wana vitovu mpaka leo. Waite wafungue mashati uwahesabu."

"Mama," sauti ya binti yake ilitoka ndani, ya kuchoka, "ni kweli nesi alikataza. Pita, mama yangu, njoo."

Akapita. Na huko ndani mkutano ukaendelea siku nzima. Mama mkwe akasema joto kali, mtoto apewe kijiko cha maji. Afande akafungua kifungu cha sita, akasoma. Binti akaunga mkono kifungu. Mama mkwe akasema sawa, zama zimebadilika. Baadaye akasema kitovu kinaonekana kikavu mno. Afande akasoma kifungu cha tano. Mama mkwe akasema sawa. Jioni akakaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu bila neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Huyu mtoto amenyonya saa ngapi?"

"Saa tano na nusu," alisema binti. Maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka gauni limelowa.

"Sasa hivi saa kumi na moja. Mwamsheni anyonye."

Afande alifungua daftari. Akafungua mbele, akafungua nyuma. "Kuamsha mtoto hakumo, mama."

"Hakumo wapi?"

"Katika maagizo. Yangekuwepo ningeyaandika."

"Baba, mimi nakwambia mtoto mdogo hivi anaamshwa."

"Mama, asubuhi ulitaka apewe maji. Mchana ukataka apakwe mafuta. Sasa unataka aharibiwe usingizi." Alisema kwa adabu zote, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Mama mkwe alimtazama binti yake. Binti alikuwa ameegemea ukuta, macho yanafumba. "Mwache alale kidogo, mama. Na mimi nilale."

Basi mama mkwe akanyamaza. Mtu ukikosolewa mara mbili majirani wakisikia, na wamekukosoa kwa haki, mara ya tatu hata ukiwa na hakika sauti haitoki.

*

Alhamisi saa nne asubuhi dada mmoja alisimama mbele ya meza. Gauni la kawaida, viatu vya kutembea mbali, begi mgongoni.

"Habari za hapa. Natoka hospitali. Nimekuja kumpima mtoto uzito."

Afande alimtazama usoni kwanza, halafu begi. "Kitambulisho?"

"Kamba yake ilikatika, nimekiacha mezani ofisini. Lakini mzani huu hapa." Akautoa, ule wa kuning'iniza, wenye ndoana.

"Mzani hata muuza viazi anao."

"Kaka, mliambiwa wodini kwamba nitakuja."

"Ningeambiwa ningeandika." Akagonga daftari.

"Basi piga simu hospitali uulize. Nikupe namba."

"Namba utakayonipa wewe ataipokea mwenzako."

Tusimcheke sana. Mwaka juzi mtu alifika ghalani na futi ya kupimia, amevaa shati la heshima, akasema ametumwa kupima vigae. Alipoondoka, boksi arobaini ziliondoka naye. Aliyekuwa zamu siku hiyo hayupo kazini mpaka leo. Tangu hapo Afande akimwona mtu na kifaa cha kupimia, nywele za shingo humsimama.

"Afande!" Msusi alipiga kelele kutoka barazani. "Huyo ni dada wa—"

"Wewe bado upo kwenye siku zako mbili!"

"Nani huyo?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Hakuna mtu. Mtu na mzani."

Yule dada akatoa karatasi yake, akaandika maneno matatu, *Baba amekataa kufungua*, akaweka mzani begini na kwenda nyumba ya pili. Afande alimsindikiza kwa macho mpaka kona, akaketi. Alijisikia vizuri siku ile nzima.

*

Ijumaa asubuhi fundi cherehani alifungua nepi akaikuta kavu. Akakumbuka kwamba ya jana jioni pia ilikuwa kavu. Akamweka mtoto titini. Mtoto akaacha mdomo wazi, maziwa yakamtiririka shavuni. Titi lenyewe lilikuwa gumu kama jiwe, hata kama angetaka asingeweza kulishika.

"Mama," akaita. "Mama, njoo."

Mama mkwe alimchukua mtoto akamsogeza dirishani penye mwanga. Akamfunua jicho kwa kidole. Pale palipotakiwa kuwa peupe palikuwa pa njano, kama karatasi ya zamani.

Hakusema "nilisema". Alisema, "Mwite mumeo."

Afande aliingia amevaa sare. Ruhusa yake ya kazi ilikuwa imekwisha, zamu inaanza saa sita. Alimtazama mtoto, akafungua daftari. "Dalili za hatari," alisoma. "Hanyonyi. Mlegevu. Manjano machoni." Akapitisha kidole juu ya mistari. "Zimo. Zote tatu zimo."

"Afande, funga hilo daftari ulete gari!" alisema mkewe.

Gari lilikuwa la mteja wa Msusi. Huyo mteja alikuwa mwalimu wa udereva, na alisimama bila kuuliza swali la pili, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine umesimama kama umepigwa na umeme. Msusi akapanda naye, kitana mkononi. Mama mkwe akawekwa mbele, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba gari la shule ya udereva lina breki ya pili, upande wa abiria. Kila walipofika njia panda, mama mkwe akiona gari lingine tu, anakanyaga.

"Mama, niachie breki!"

"Wewe huoni lile lori?"

"Lile limeegeshwa, mama!"

Nyuma, Afande alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa amemlaza mtoto ngozi kwa ngozi ndani ya gauni, anamwita, anampuliza puliza utosini.

Mlangoni kwa wodi alikuwepo mlinzi yuleyule. Kwa mazoea Afande alisimama mbele yake, akaanza kujipapasa mifukoni: kitambulisho kilibaki nyumbani. "Sina—" alianza. Mlinzi alimwangalia mama, akamwangalia mtoto, akaufungua mlango kwa mguu.

"Pita, pita! Unangoja nini?"

*

Mzani ulisema mbili na gramu mia moja themanini.

Muuguzi alilisoma hilo kwa sauti. Akamtoboa mtoto kisigino, tone la damu likapelekwa, jibu likarudi baada ya nusu saa ambayo hakuna aliyeikaa, wote waliisimama.

"Umanjano upo, haujafika pa kutisha," alisema muuguzi. "Huyu mtoto haumwi. Ana njaa. Njaa imemlegeza, akalala. Amelala, njaa ikazidi. Mmekuwa mnamwamsha kila saa tatu?"

Mama mkwe alimtazama mkwewe.

"Niliwaambia wodini. Na Alhamisi tukamtuma mtu." Akageuka. Kwenye dawati la pembeni yule dada wa mzani alikuwa anajaza fomu, kitambulisho kimening'inia shingoni kwa kamba mpya.

"Ndiye huyu baba," alisema bila kuinua kichwa. "Aliniambia hata muuza viazi ana mzani."

"Nilisema aamshwe!" ilimtoka mama mkwe hatimaye. "Nilisema Jumatano, mbele ya watu!"

"Ulisema kweli, mama. Na maji, ulisema apewe?"

Mama mkwe akatengeneza kilemba. "Kijiko kimoja tu."

"Maji hapana."

"Haya."

Fundi cherehani alikuwa anamtazama mumewe. "Kwenye daftari hakumo," alisema. "Uliandika kila kitu, hata nesi alipopiga chafya uliandika. Hicho ulikiacha vipi?"

"Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

Afande alitazama buti zake. "Nilitoka kidogo. Kumwelekeza yule mlinzi. Kuhusu kitabu."

"Mtoto wangu kakaa na njaa siku tatu kwa ajili ya kitabu cha wageni?"

Ungedhani angepiga kelele, lakini alisema kwa sauti ndogo, na Msusi aliangalia ukutani. Kisha mama mtoto akajifuta pua. "Na mimi niliitikia ndiyo," akasema. "Sikusikia hata neno moja, nikaitikia ndiyo."

"Wote huitikia ndiyo," alisema muuguzi. "Sasa sikilizeni. Namba nilishawapa, na ameshuka chini yake. Kwa utaratibu analazwa sasa hivi. Lakini ni saa nne, na vitanda mnavijua. Nawapa mpaka saa kumi. Anyonye mara mbili sawasawa, nepi ilowe, mzani upande juu ya mia mbili. Isipokuwa hivyo, wodini."

Fundi cherehani alikitazama kitanda cha karibu. Kilikuwa na wawili tayari.

Kazi ikaanza. Muuguzi alimwonyesha mama namna ya kukamua kidogo kwanza, titi lilegee mtoto apate pa kushika. Mtoto akavuliwa nguo, akabaki na kofia na nepi. Mama mkwe akapewa kitambaa kibichi cha kumpangusa uso. Afande akapewa miguu.

"Nyayo, baba. Msugue nyayo mpaka aamke."

Sasa mtu huyu kule ghalani ndiye aliyeogopwa kwa kuamsha walinzi waliosinzia. Alikuwa anakuja na tochi na buti, mtu anaruka kama ameungua. Lakini hapa alishika kile kiguu, kirefu kama kidole gumba chake, akainama, akanong'ona: "Samahani. Mgeni Rasmi. Samahani kwa usumbufu."

"Baba, unamwomba ruhusa?"

"Naogopa kumuumiza."

"Ongeza nguvu. Hutamvunja."

Akajaribu tena, na kwa kuwa hakujua wimbo hata mmoja wa mtoto, alitumia alichokijua. "Kushoto," akasugua. "Kulia. Kushoto. Kulia. Nyuma, geuka. Kushoto, kulia." Mkewe hakutaka kucheka, akacheka, maziwa yakaruka. Raundi ya tatu ya gwaride Mgeni Rasmi alikunja uso. Raundi ya nne alikunja ngumi. Halafu akafungua mdomo akalia, kilio cha hasira, cha mtu aliyedhulumiwa, ambacho uwanja wao wa wapangaji sita ulikuwa haujawahi kukisikia.

"Sasa! Mpe sasa!" alisema muuguzi, na mdomo ukiwa bado wazi mtoto akaingizwa titini. Akashika. Kimya. Halafu ikasikika, ndogo, wazi kabisa: gluk. Gluk.

Mama mkwe aligeukia dirisha akajipangusa kwa kile kitambaa kibichi cha mtoto.

Saa sita na dakika tano simu ya Afande ilitetemeka. Alikuwa msimamizi wake.

"Afande, uko wapi? Zamu imeanza!"

"Bosi, kuna mtu amelala lindoni. Siwezi kuondoka mpaka nihakikishe ameamka na hatalala tena."

"Nani huyo? Mwandikie ripoti!"

"Ana siku tano, bosi."

"Basi baki hapohapo," alisema msimamizi, "usilale na wewe."

Saa saba kasoro wakamwamsha tena. Akanyonya dakika kumi na mbili upande mmoja, nane upande wa pili. Baada ya hapo Afande alipewa ampakate huku mkewe anakunywa uji, na nepi ikafunguliwa kutazamwa. Kavu. Wote wakainama kuitazama, kavu. Msusi akaipapasa kwa kidole. Ni hapo, nepi ikiwa mkononi mwa mama mkwe, Afande alisikia joto pajani, likapanda, likashuka, likaingia mpaka kwenye buti.

"Amekojoa!" alipiga ukelele. Wodi nzima ikageuka kama siku ile ya kitovu. "Nesi! Amekojoa! Saa saba na dakika ishirini!"

Muuguzi alikuja mbio. "Nepi iko wapi?"

"Nepi kavu. Ni suruali. Tazama." Akasimama, mtoto kifuani, mguu mmoja mbele, akizunguka ili kila kitanda kione.

"Mimi nilisema nepi."

"Nesi, hii ni suruali ya kazi, nimeipiga pasi asubuhi. Huu ni ushahidi gani tena unautaka?"

"Mwache, nesi," alisema mama mmoja kutoka kitanda cha mbali. "Hata huku tunaona."

Muuguzi aliuma mdomo wa chini. Akaandika.

Saa kumi mtoto aliwekwa kwenye mzani. Namba zikacheza, zikapanda, zikashuka, maana na yeye alikuwa anarusha mateke. Fundi cherehani alikuwa ameshika mkono wa mama yake kwa nguvu mpaka bangili inambonyea.

"Mbili," alisoma muuguzi, "na gramu mia mbili na kumi."

Hawakupiga vigelegele. Ni Msusi tu aliyesema "Aisee," akakaa sakafuni.

"Mnaweza kwenda. Kesho dada wa mzani atapita." Afande alikwishatoa daftari na kalamu. Muuguzi akamgeuzia uso mama mtoto. "Nasema na wewe. Sema mwenyewe."

"Kila saa tatu zisipite," alisema fundi cherehani, neno kwa neno. "Naamka, namvua nguo, namwamsha, ananyonya pande zote mbili. Nepi ikikaa kavu tangu asubuhi hadi mchana, nakuja. Macho yakizidi njano, nakuja. Maji hapana. Na dada akija kesho namfungulia mimi." Akamtazama mumewe. "Na kitambulisho simwulizi."

Afande alirudisha kalamu mfukoni.

Kurudi, walikaa vilevile: mwalimu wa udereva kwenye usukani na kichwa chake cha nusu, mama mkwe mbele amekatazwa kusogeza miguu, Msusi nyuma kabanwa mlangoni, mama katikati na mtoto kifuani. Wote wanne walizungumza kwa pamoja. Msusi alikuwa anaigiza namna suruali ilivyotembezwa wodini. Mwalimu anauliza kichwa chake kitamaliziwa lini. Mama mkwe anasema kama angesikilizwa Jumatano. Na binti yake anamjibu, mama, tumeshasikia, wewe na maji yako.

Afande alitazama saa. Saa kumi kasoro dakika tano ndipo mtoto alipoachia titi, sasa saa kumi na mbili kasoro, na foleni mbele haisogei. Akainama kumchungulia. Macho yamefumba. Akafungua mdomo kuwanyamazisha wote, kama alivyowanyamazisha siku tatu mfululizo.

Mbele, mama mkwe alipiga kicheko kile cha sokoni, na ndani ya khanga jicho moja la Mgeni Rasmi likafunguka, likamtazama baba yake kwa chuki.

"Jamani," alisema Afande. "Ongezeni sauti."